Mwendo wa Chombo na Mwendo wa Habari: Historia ya Ndege za Upelelezi za Kasi Ikitazamwa kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya ndege za upelelezi wa kijeshi, hususan zile zilizobuniwa kwa ajili ya kasi, kwa kuanzia mahali ambapo historia hiyo kwa kawaida haianzii: Tabora na njia ya misafara ya magharibi mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba mwendo wa chombo na mwendo wa habari ni vitu viwili tofauti, na kwamba wanahistoria wa anga wamezoea kupima cha kwanza na kukisahau cha pili. Vita vya Mirambo vya mwaka 1871, mapigano ya Rufiji na Ziwa Tanganyika ya 1914 hadi 1916, kuanguka kwa Tabora, Vita vya Kagera na matumizi ya ndege zisizo na rubani mashariki mwa Kongo vinachambuliwa sambamba na maendeleo ya ndege kama Spitfire, Mosquito, U-2 na SR-71. Inaonyeshwa kuwa kila mara kasi ilipoongezeka, thamani ya mtu anayeijua ardhi haikupungua, bali ilibadilika mahali pake.

1. Utangulizi

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, yaani Tabora, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Tarehe 28 Julai 1976 ndege ya Marekani aina ya SR-71 iliweka rekodi ya kasi ya kilomita 3,529 kwa saa. Umbali wa moja kwa moja kati ya Bagamoyo na Tabora ni takriban kilomita 690. Kwa kasi ile ya 1976, njia iliyowachukua wapagazi wa Burton zaidi ya miezi minne ingekatwa kwa dakika 12 hivi.

Ulinganisho wa namna hii unavutia, na vitabu vingi vya historia ya anga huishia hapo. Vinaorodhesha injini, urefu wa mabawa, kasi na kimo, kana kwamba historia ya upelelezi ni historia ya mashine peke yake. Lakini upelelezi si safari. Mpelelezi hatumwi ili afike. Anatumwa ili anayemtuma ajue. Kwa hiyo swali la msingi ambalo makala haya yanalijadili ni hili: je, kadiri chombo cha upelelezi kilivyozidi kwenda kasi, anayetawala vita alizidi kujua?

Tabora imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha habari katika bara hili kabla ya simu na reli. Hapo njia itokayo pwani iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Katanga. Pili, katika mwaka 1916 mji huo huo ulikuwa shabaha ya kampeni iliyotumia ndege za upelelezi katika ncha yake ya magharibi. Hivyo Tabora inatuwezesha kuziweka pamoja zama mbili ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali.

2. Habari na mwendo katika njia ya misafara

Msafara wa karne ya 19 ulitembea polepole. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, na mwendo wa kundi zima ulitegemea maji, chakula, hongo na amani ya nchi zilizopitwa. Hata hivyo habari hazikutembea kwa mwendo wa mzigo. Mtu asiyebeba kitu angeweza kuutangulia msafara kwa siku nyingi, na misafara iliyokutana njiani ilibadilishana habari za visima, vita, bei na njaa. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, hakuwa mshika bendera tu. Alikuwa mtu aliyejua kisima kipi kimekauka na mtemi yupi amekufa. Ujuzi huo ndio uliokuwa upelelezi wa zama zile.

Umuhimu wake ulidhihirika katika vita vya mwaka 1871 baina ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Waarabu walikuwa na bunduki nyingi na jeshi lililoungwa mkono na Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Mwezi Agosti walikiteka kijiji cha Wilyankuru, wakakusanya nyara, na wakaanza kurudi. Mirambo, ambaye hawakumpata kijijini, aliwavizia wakiwa wamelemewa na mizigo, akawashinda. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwishaishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akauawa katika mapigano hayo. Stanley alilazimika kuiacha njia ya kawaida ya magharibi na kuzunguka kusini ili aifikie Ujiji mwezi Novemba.

Ushindi wa Mirambo huelezwa mara nyingi kwa ukali na wepesi wa rugaruga wake. Maelezo hayo ni sahihi ila hayatoshi. Rugaruga walikuwa wepesi, lakini wepesi huo ulikuwa na faida kwa sababu Mirambo alijua maadui wake wako wapi, wamebeba nini na watapita njia ipi, ilhali maadui zake hawakujua yeye yuko wapi. Kasi ya miguu iliongozwa na habari. Bila habari, mbio za rugaruga zingekuwa mbio za gizani.

3. Jicho la kwanza la angani: Rufiji na Ziwa Tanganyika

Ndege ya kwanza ya kijeshi katika koloni la Kijerumani ilifika kwa sababu ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na maonyesho makubwa yaliandaliwa Dar es Salaam kwa mwezi Agosti 1914 kuadhimisha kukamilika kwake. Rubani Bruno Büchner alileta ndege yake kwa ajili ya maonyesho hayo. Vita vilipozuka, ndege ya maonyesho ikageuzwa kuwa ya upelelezi, na ikawa ndiyo ndege pekee waliyokuwa nayo Wajerumani katika koloni lote. Haikudumu. Kwa muda wote uliosalia wa vita, upande huo ulipigana bila jicho la angani.

Waingereza walianza na tatizo la Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, H. Dennis Cutler, aliletwa na ndege ya maji aina ya Curtiss, naye akaiona manowari hiyo mwezi Novemba. Ndege zilizofuata zilipata shida ambayo wabunifu wake wa Ulaya hawakuitarajia: joto na unyevu vililegeza gundi na kupinda mbao, na hewa ya moto ilizifanya zishindwe kupanda juu zikiwa na watu wawili na vifaa vyao.

Suluhisho lilipatikana baada ya kisiwa cha Mafia kutekwa Januari 1915 na kiwanja cha ndege kutengenezwa huko. Tarehe 11 Julai 1915 ndege iliyoendeshwa na John Cull, mtazamaji wake akiwa H. J. Arnold, iliruka juu ya Königsberg huku meli za mizinga Severn na Mersey zikifyatua kutoka mtoni. Arnold aliona kila kombora lilipoangukia, akatuma masahihisho kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, aliendelea kutuma masahihisho hadi walipoanguka majini. Siku tano kabla, shambulio la kwanza lilikuwa limeshindwa. Safari hii manowari iliharibiwa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ndege ya Cull haikuwa ya kasi. Kilichoshinda ni ufupi wa muda kati ya kuona na kutenda. Mtazamaji aliona, simu ikapeleka, mpiga mzinga akarekebisha, yote ndani ya dakika moja au mbili. Kwa lugha ya makala haya, mwendo wa chombo ulikuwa mdogo lakini mwendo wa habari ulikuwa mkubwa.

Katika ncha nyingine ya nchi, Wabelgiji walipewa na Uingereza ndege nne za maji aina ya Short 827. Zilisafirishwa katika makasha hadi Kongo, zikapelekwa ndani ya bara kwa reli na mto, na zikaundwa upya katika ziwa dogo la Tungwe, jirani na Ziwa Tanganyika. Shabaha yake ilikuwa meli Graf von Götzen, ambayo nayo ilikuwa imeletwa katika makasha kutoka Ujerumani na kupita Tabora kwa reli hadi Kigoma, ilikozinduliwa mwaka 1915. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mtazamaji wake Collignon waliishambulia kwa mabomu bandarini Kigoma.

Götzen haikuzama siku hiyo. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai, walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Wakati huo mzinga wake mkubwa wa milimita 105, uliotoka katika mabaki ya Königsberg, ulikuwa umeondolewa ili utumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Kwa aliyeutazama kutoka mbali, mbao ilikuwa chuma. Hili ndilo tatizo la pili la jicho la angani: linaona umbo, halioni hali. Wahudumu wa bandari ya Kigoma walijua kwamba ule ni mti. Marubani waliopita juu wasingeweza kujua.

4. Kuanguka kwa Tabora

Kigoma ilitekwa mwishoni mwa Julai 1916. Kutoka hapo jeshi la Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, lilisogea kuelekea Tabora kwa safu mbili: ile ya Olsen ikifuata reli kutoka magharibi, na ile ya Molitor ikitokea kaskazini. Waingereza chini ya Crewe walishuka kutoka Mwanza. Mji ulilindwa na Jenerali Kurt Wahle. Mapigano makali yalifanyika Lulanguru na Itaga katikati ya Septemba, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Ndege zilizokuwa na kazi kubwa Kigoma hazikuwa na kazi Tabora, na sababu yake inaweza kuhesabiwa. Short 827 ilikuwa na mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa na iliweza kukaa hewani kwa saa tatu na nusu hivi. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 350. Kwenda na kurudi ni kilomita 700, mara mbili ya uwezo wake. Tena ilikuwa ndege ya maji: haikuweza kutua katika nchi kavu ya Unyamwezi, ambako mwezi Septemba hata mito mingi huwa mchanga mtupu. Kwa hiyo mashine iliyokuwa na kasi kuliko kitu chochote katika magharibi ya koloni iliishia ufukweni, na askari wakaendelea mbele wakitegemea walichokitegemea Burton na Stanley: wapagazi kwa maelfu, viongozi wa njia, na maneno ya watu waliokutana nao.

Gharama ya kutokuona ilionekana mara moja. Wahle hakukamatwa. Usiku wa kuamkia tarehe 19 aliondoa jeshi lake, akaingia porini kuelekea kusini-mashariki, na mwezi Oktoba akatokea katika nyanda za Iringa, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tabora, akiwashambulia Waingereza mahali ambapo hawakumtarajia kwa nguvu ile. Wabelgiji waliupata mji lakini wakalipoteza jeshi walilokuja kulishinda.

Je, ndege zingeweza kumzuia? Ushahidi wa upande wa mashariki unatia shaka. Kikosi namba 26 cha ndege, kilichoundwa kwa marubani wengi wa Afrika Kusini, kiliwasili Mombasa mwanzoni mwa 1916 na kulitumikia jeshi la Jenerali Smuts kwa ndege za B.E.2c, zenye mwendo wa takriban kilomita 116 kwa saa. Marubani hao waliona barabara, madaraja na vituo vya reli. Walichoshindwa kukiona ni askari waliokuwa chini ya miti. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini pori lilikuwa pazia la kutosha. Askari waliojifunza kuzima moto wa kupikia na kutembea usiku walipotea machoni pa rubani, ingawa hawakupotea machoni pa wanakijiji ambao mtama wao ulichukuliwa.

5. Kasi kama kinga: kutoka Spitfire hadi SR-71

Hadi mwisho wa vita vile, kasi haikuwa sifa kuu ya ndege ya upelelezi. Uthabiti ndio uliotakiwa, ili mtazamaji aweze kuchora na kupiga picha. Badiliko la kifikra lilikuja mwaka 1939. Mwezi Agosti mwaka huo ofisa wa Kiingereza Maurice Longbottom, aliyefanya kazi na Sidney Cotton, aliandika waraka wenye hoja fupi: ndege ya upelelezi isipigane. Iondolewe bunduki, redio na kila uzito usio wa lazima, ijazwe mafuta, ipigwe msasa ing'ae, ipande juu sana na ikimbie sana, peke yake. Spitfire iliyotengenezwa hivyo ikawa msingi wa upelelezi wa Uingereza katika vita vikuu vya pili.

Iliyofuata ni Mosquito ya kampuni ya de Havilland, iliyoanza safari za upelelezi Septemba 1941, ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Mosquito ilitengenezwa kwa mbao na gundi, na ilipopelekwa Asia ya Kusini, joto na unyevu vililegeza maungio yake, kama ilivyotokea Rufiji miaka 30 kabla. Ujerumani nayo ilituma Arado Ar 234 juu ya Normandy mnamo Agosti 1944, safari ya kwanza ya upelelezi kufanywa na ndege ya jeti.

Baada ya 1945 njia mbili zilifuatwa: kimo na kasi. U-2 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1955, ilitegemea kimo. Ilikwenda polepole kwa kulinganisha, lakini ilipita zaidi ya mita 21,000 juu, ambako ilidhaniwa hakuna silaha ya kuifikia. Dhana hiyo ilivunjika tarehe 1 Mei 1960, kombora la Kisovieti lilipoidungua U-2 ya Francis Gary Powers. Kabla ya hapo, kampuni ya Lockheed ilikwisha kuanza kutafuta njia ya pili. Kikosi cha wahandisi wake chini ya Clarence Johnson kiliunda A-12, iliyoruka mwaka 1962, na mdogo wake SR-71, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964.

Kuruka kwa zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti kulileta tatizo ambalo halikuwapo awali: msuguano wa hewa uliichemsha ndege kupita nyuzi 200, na sehemu nyingine zaidi ya 300. Aluminiamu isingestahimili. Sehemu kubwa ya mwili wake ilifanywa kwa titani, madini ambayo Marekani ilinunua kwa siri, kupitia kampuni za bandia, kutoka Umoja wa Kisovieti, nchi ile ile iliyokusudiwa kupelelezwa. Kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto, maungio yaliachwa na nafasi, na ndege ikiwa chini ilivuja mafuta. Mafuta yenyewe yalibidi yawe ya aina ya pekee, yasiyoshika moto kirahisi, na ndege za kubebea mafuta zililazimika kuisubiri angani. Jumla ya SR-71 zilizotengenezwa ni 32. Kati ya hizo 12 zilipotea katika ajali, lakini hakuna hata moja iliyodunguliwa na adui. Umoja wa Kisovieti nao ulikuwa na MiG-25 ya upelelezi, iliyopita juu ya Sinai kuanzia mwaka 1971 bila Waisraeli kuweza kuifikia.

Kwa kipimo cha kinga, basi, kasi ilifaulu. Kwa kipimo cha habari, jibu ni tofauti. Picha za SR-71 kwa miaka mingi zilikuwa katika filamu. Ndege ingeweza kukata nchi nzima kwa dakika chache, kisha filamu ikasubiri kutua, kusafishwa na kusomwa na mtaalamu mwenye lenzi. Wakati huohuo setilaiti zilikuwa zikiendelea. Zile za kwanza, zilizofanikiwa mwaka 1960, ziliangusha filamu kwa mwavuli. Lakini KH-11, iliyorushwa Desemba 1976, ilituma picha kwa mawimbi bila filamu. Mwaka ule ule SR-71 ilipoweka rekodi yake ya kasi, chombo kisicho na filamu kilianza kuishinda kwa mwendo wa habari. Gharama zilipopimwa, SR-71 ikaondolewa kazini mwaka 1990, na kurudishwa kwa muda mfupi tu katikati ya muongo uliofuata.

6. Enzi ya jeti katika Afrika Mashariki

Ndege hizo za kasi kuliko zote hazikuwa za Afrika Mashariki, ila eneo hili lilikuwa na sehemu yake katika historia ya kamera ya angani. Baada ya vita vikuu vya pili, ndege za Lancaster za kikosi namba 82 cha Uingereza, zilizofungwa kamera badala ya mabomu, zilipiga picha maeneo makubwa ya makoloni ya Afrika. Picha za namna hiyo ndizo zilizoipatia idara ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa mwaka 1946, msingi wa kuchorea ramani. Chombo cha vita kiligeuzwa kuwa chombo cha utawala, na ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo mtafiti wa leo huzifungua ni wajukuu wa upelelezi huo.

Ramani, hata hivyo, si ujuzi kamili wa nchi. Katika miaka ile ile Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, na mojawapo ya maeneo yake matatu ilikuwa Urambo, nchi ya Mirambo. Eneo hilo lilikuwa limekaguliwa kwa haraka, na sehemu ya ukaguzi huo ilifanywa kutoka angani. Aliyeruka juu aliona ardhi tambarare yenye watu wachache. Hakuona kwa nini watu walikuwa wachache: mvua zisizotabirika, maji haba na ndorobo. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umekula mamilioni ya pauni. Wenyeji walikuwa na majibu ya maswali ambayo hawakuulizwa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vinatoa mfano wa kijeshi. Libya, ikimsaidia Idi Amin, ilituma ndege ya Tupolev Tu-22 kuushambulia mji wa Mwanza. Tu-22 ni ndege yenye uwezo wa kuipita kasi ya sauti, na katika nchi ilikotengenezwa kulikuwa na aina yake iliyofanywa mahususi kwa upelelezi. Mabomu yake hayakuipata Mwanza. Yaliangukia kisiwa cha Saa Nane, hifadhi ya wanyama, na waliokufa ni wanyamapori. Ndege ya kasi kubwa, ikiongozwa na watu wasioijua nchi, ilikosa mji mzima ulio kando ya ziwa. Upande wa pili, jeshi la Tanzania lilisonga mbele zaidi kwa miguu, na lilifika Kampala mwezi Aprili 1979.

Mfano wa karibuni unatoka katika nchi iliyokuwa mwisho wa njia ya Tabora kuelekea Manyema. Mwezi Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulizindua Goma ndege zisizo na rubani aina ya Falco, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa umoja huo kutumia ndege zake za upelelezi za namna hiyo. Mwaka huo huo brigedi maalumu ya umoja huo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kuongozwa na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, ilishiriki kulishinda kundi la M23. Falco haikimbii. Mwendo wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa jeti. Faida yake ni kukaa juu ya mahali pamoja kwa saa nyingi na kupeleka picha papo hapo. Hata Predator ya Marekani, iliyoanza kazi katika Balkani mwaka 1995, mwendo wake wa kawaida hauzidi sana ule wa B.E.2c za mwaka 1916.

7. Majadiliano

Mifano hii ikiwekwa pamoja, historia ya kasi haionekani tena kama mstari unaopanda bila kukoma. Inaonekana kama mduara. Ndege ya 1915 ilikwenda polepole na kutuma habari papo hapo. Ndege ya 1965 ilikwenda kwa kasi isiyowahi kuonekana, lakini habari zake zilisubiri filamu. Chombo cha leo kimerudi kwenda polepole, na habari zake zinatumwa papo hapo. Kasi kubwa ya katikati ilizaliwa na hofu ya makombora. Ilikuwa kinga ya rubani kabla ya kuwa njia ya kujua. Rubani alipoondolewa katika chombo, sehemu kubwa ya sababu ya kukimbia ikaondoka naye.

Lipo pingamizi linalostahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba setilaiti ina kasi kuliko SR-71, kwani huzunguka dunia kwa zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, hivyo kasi haijashindwa. Ni kweli, lakini kasi hiyo ni sharti la kubaki katika mzunguko, si chaguo la mpelelezi. Setilaiti hupita kwa ratiba inayoweza kuhesabiwa, na anayejificha anaweza kuisubiri ipite, kama askari wa 1916 walivyoisubiri B.E.2c chini ya mti. Hata hapo, kinachoamua ni nani anamjua mwenzake zaidi.

Jambo la pili ni la mbinu ya utafiti. Nyaraka za upelelezi wa angani zimehifadhiwa vizuri: picha, ramani, madaftari ya safari. Ujuzi wa kirangozi, wa mpagazi na wa mwanakijiji aliyeona jeshi la Wahle likipita haukuandikwa kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba mwanahistoria, bila kukusudia, huitazama nchi kupitia jicho la rubani, na watu waliokuwa chini wanakuwa nukta, moshi au kivuli cha miti. Kuisoma historia ya ndege kutoka Tabora ni njia mojawapo ya kusahihisha upande huo wa macho.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwendo wa chombo haulingani daima na mwendo wa habari. Königsberg iliharibiwa kwa msaada wa ndege ya polepole yenye simu. Tabora ilitekwa na jeshi lililoacha ndege zake ziwani. Urambo ilikaguliwa haraka na kugharimu sana. Mwanza ilikoswa na ndege ya kasi. Mafanikio ya kiufundi ya SR-71 ni makubwa na hayapaswi kubezwa, lakini ni mafanikio ya kupita salama mahali, na kupita mahali si kupajua.

Athari ya hoja hii haiishii katika chumba cha kumbukumbu. Mataifa ya Afrika Mashariki kwa sasa yananunua vyombo vya kutazama kutoka juu, kwa ulinzi, kwa mipaka, kwa misitu na mbuga. Ununuzi huo utakuwa na maana kadiri utakavyoambatana na watu wa kuzisoma picha hizo ambao wanajua ni mto upi hukauka Septemba, ni moshi upi wa mkaa na upi wa kambi. Elimu hiyo ipo bado vijijini, kwa wazee na wafugaji na warina asali wa Unyamwezi. Inahitaji kukusanywa wakiwa hai, kwa lugha yao, kabla ya picha zilizopigwa kutoka angani kubaki ndizo ushahidi pekee.